Uchovu, pesa au mtu: namna ya kuishi na msongo wa kazi bila kuacha kazi

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, Kariakoo, Dar es Salaam. Mishahara naiandaa mimi, kodi naipeleka mimi, na mifuko ya saruji ikipungua ghalani wa kwanza kuulizwa ni mimi. Kila tarehe 7 PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) za mwezi uliopita ziwe zimelipwa, tarehe 20 ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iwe imeingia, na katikati hapo kuna michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna madereva wanaodai posho, kuna mteja anayeahidi kulipa "kesho asubuhi" tangu mfungo uishe. Nyumbani Mbezi kuna watoto watatu, mume, na mama mkwe anayekuja kutoka Muheza kila akiwa na kliniki. Vijana wanaoajiriwa ofisini huniuliza, "Mama Nasra, wewe unawezaje?" Jibu la "ni Mungu tu" ni la kweli, ila halimsaidii mtu anayetakiwa kuamka saa kumi alfajiri. Kwa hiyo nayaandika hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza jua ni kipi

Mtu akiniambia "nina stresi", huwa ni moja kati ya mambo matatu: amechoka, hana pesa, au kuna mtu anamsumbua. Mara nyingi mawili yanakaa pamoja, lakini lipo moja linaloyaburuta mengine. Na dawa ya hili haitibu lile. Mwenye deni mwambie alale kwa muda wa saa nane nzima, ataamka na deni lake lile lile. Mwenye bosi mkorofi mpeleke Coco Beach Jumapili, Jumatatu atamkuta bosi palepale alipomwacha. Aliyechoka tu naye ndiye anayeandika barua ya kuacha kazi nzuri kwa hasira, kumbe alihitaji wiki moja ya kulala kama binadamu.

Ili ujue, angalia kalenda. Msongo unaoanza tarehe 12 au 15 na kuyeyuka siku mshahara unapoingia ni wa pesa, hata kama mdomoni unasema kazi ni nyingi. Angalia na simu yako: jina gani likitokea kwenye kioo tumbo linakaza? Huyo ndiye mtu wako. Kama ukilala vizuri siku mbili mfululizo mambo yanaonekana kuwezekana tena, ulikuwa uchovu.

Kama bado hujui, andika kwa wiki moja, kila jioni mistari miwili mitatu: nilijisikia vibaya saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nani alikuwepo. Kuna binti alikuwa msaidizi wangu, aliapa kwamba kazi inamuua. Alipoandika, karibu kila mstari ulikuwa na mama mwenye nyumba wake: maji, geti, taa ya uani, nani kapika saa ngapi. Alihama chumba, na zile panadol alizokuwa anameza kila asubuhi mezani kwangu zikaisha.

Ukiwa ni uchovu

Kwa sisi tunaokaa mbali na mji, uchovu unaanza barabarani kabla hata kazi haijaanza. Hapa sina njia ya mkato zaidi ya kutoka mapema. Nikitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri nafika ofisini saa moja haijagonga. Nikitoka saa kumi na mbili na nusu nafika saa mbili na kitu, nimekanyagwa, nimegombana, na siku imeshaharibika. Ile saa moja ya asubuhi kabla simu hazijaanza kulia ndiyo ninayofanyia kazi ngumu: kulinganisha taarifa ya benki, kukagua mishahara. Kazi inayotaka kichwa ikifanywa saa moja asubuhi huchukua muda mfupi kuliko ikifanywa saa tisa mchana huku mtu anakuuliza risiti ya mafuta.

Kimara napanda mwendokasi lolote linalokuja kwanza, la Gerezani au la Kivukoni. Likiwa la Kivukoni nashuka Fire na kutembea hadi Kariakoo. Mwanzoni ilikuwa ni kuokoa muda, sasa hata nikipata la Gerezani wakati mwingine nashuka palepale kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Mtu wa Kariakoo hana haja ya kulipia jimu. Ashuke tu kituo kimoja kabla, asubuhi na jioni.

Siku za mvua kubwa ziwe na mpango wake tangu kabla. Masika yakichachamaa, bonde la Jangwani linajaa maji na barabara ya Morogoro inafungwa pale. Kinachochosha siku hiyo ni kusimama kituoni ukisema "labda watafungua" kuliko hata ile mvua. Mimi jioni nikisikia Jangwani hapapitiki napanda gari la Buguruni, nashika barabara ya Mandela hadi Ubungo, basi. Ni mbali, lakini nimeshaamua, na kichwa kimetulia.

Ndani ya basi, mkono mmoja juu kwenye bomba na mwingine kwenye mkoba, kuna jambo moja unaweza kufanya bila mtu kujua. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tatu hadi tano. Siri yake ni kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ni wakati wa kutoa pumzi ndipo mapigo ya moyo hupungua kasi, na mwili ukipata ishara hiyo huacha kujiandaa kwa vita. Usivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu na watu watadhani umeanguka kwa njaa.

Chakula nitasema kwa kifupi: kula. Chai ya saa nne si chakula cha mchana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya kupumzika angalau dakika 60, kwa hiyo unapokwenda kwa mama ntilie huibi muda wa mtu. Toka mezani. Wali maharage ukiliwa juu ya kibodi hauingii akilini, na bosi akikuona umekaa anajua uko kazini. Mimi saa ile nakula kisha naswali adhuhuri; Neema wa mauzo yeye huwahi ibada ya mchana. Asiyeswali atafute kivuli akae bila simu. Kahawa mwisho saa nane mchana, kwa sababu baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini, na ile ya saa kumi na mbili jioni kwa muuza kahawa wa kijiweni utaikuta kitandani. Enaji ndiyo usiseme. Kijana wa stoo anakunywa mbili kwa siku halafu ananiuliza kwa nini moyo unamwenda mbio.

Usingizi unalindwa na kitu kimoja kikubwa: simu ilale sebuleni. Nimenunua saa ya mezani ya kuniamsha, za bei rahisi zimejaa Mtaa wa Kongo. Pembeni ya kitanda kuna kijidaftari na kalamu, kwa sababu wazo linalokujia saa saba usiku, "hivi ile hundi niliisaini?", halikuachii mpaka uliweke mahali. Liandike, lala. Asubuhi utakuta nusu ya uliyoyaandika hayana maana yoyote. Na mwezi wa kwanza na wa pili, joto la Dar likipanda, oga kabla ya kulala na usijilazimishe kulala saa ile ile kama umeme umekatika na feni imesimama. Kaa kibarazani mpaka upepo uje, kuliko kugaagaa.

Ukiwa ni wa pesa

Hapa ndipo pana kazi, na hapa ndipo watu wengi hawataki kukaa.

Anza na hati ya mshahara yenyewe, siyo kiasi unachojitajia ukiulizwa na shemeji. Kijana mwenye mkopo wa elimu ya juu anakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya mkopo, asilimia 10 NSSF, kisha PAYE. Naona wengi wanapanga maisha kwa mshahara wa kwenye mkataba, halafu kila mwezi wanashangaa. Panga kwa kinachoingia benki.

Siku kinapoingia, kabla hujamlipa mtu mwingine, nunua vitu ambavyo vikiisha usiku vinakuharibia kesho yote. Kwangu ni Luku (umeme wa kulipia kabla) ya mwezi mzima, mtungi wa gesi wa akiba, nauli ya mwezi mzima niliyoiweka kwenye bahasha yake, na unga. Watu wanaona kama ujinga kununua Luku ya mwezi kwa mkupuo. Lakini mtu anayenunua ya elfu mbili mbili anakumbushwa umaskini wake mara kumi na tano kwa mwezi, na mojawapo ya hizo lazima iwe saa tano usiku mtandao uko chini.

Kisha michango. Sijui nchi nyingine wanaishije, ila hapa kwetu mfanyakazi mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuwa na kadi nne za harusi kwa mwezi mmoja, kitchen party mbili, send-off, na sare ya kitenge ya kila shughuli. Kamati siku hizi inaweka orodha ya majina kwenye kundi la WhatsApp, aliyelipa anawekewa tiki ya kijani, na orodha inarushwa upya kila usiku ili jina lako lisilo na tiki likae wazi mbele ya ukoo mzima. Hiyo peke yake inatosha kumpandisha mtu presha.

Mimi nina fungu la michango. Ni kiasi kile kile kila mwezi, kiko kwenye laini ya simu ambayo siitumii kwa jambo jingine. Misiba haina mjadala, inatoka kwanza. Harusi nachangia zile ambazo ningeingia jikoni kupika bila kuombwa. Nyingine natuma salamu. Fungu likiisha, limeisha, na nina ujumbe ninaoutuma nao ni huu: "Hongereni sana wifi yangu, Mungu awatangulie. Mwezi huu fungu langu la michango limeisha. Niandikieni elfu thelathini, nitaituma tarehe 28 mwezi ujao." Angalia ujumbe huo una nini: pongezi, ukweli, kiasi na tarehe. Mtu akipata tarehe hukuacha. Anayekufuatafuata ni yule uliyemwambia "tutaangalia". Na tarehe 28 ikifika, tuma, hata kama shughuli imeshapita.

Deni liandikwe kwenye karatasi moja: nani ananidai, kiasi gani, riba gani kwa mwezi, tarehe gani. Wengi wanaogopa kuandika kwa sababu wanahisi jumla itawaua. Jumla iliyoandikwa haijawahi kuwa kubwa kuliko ile inayozunguka kichwani usiku. Ukishaiona, lenye riba kubwa ndilo la kuanza kuling'oa, siyo la mtu anayepiga kelele zaidi. Chukua mfano wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa: umekopa laki tatu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Ukilipa riba tu, ni elfu tisini kila mwezi. Miezi minne umetoa laki tatu na elfu sitini, na bado unadaiwa laki tatu ile ile. Deni la namna hiyo hata kukopa kikobani, kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kwa asilimia tano ukalifute ni faida. Ila ukilifuta usirudi.

Kuhusu mikopo ya kwenye simu, ile ya kupakua programu na kupata hela kwa dakika tano: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Wanachofanya baadhi ya hao jamaa ukichelewa ni kuwaandikia watu wote walioko kwenye simu yako, bosi, mchungaji, mkwe. Kabla hujabonyeza, angalia kama mkopeshaji ana leseni kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mkopo unaoingia haraka hivyo unaomba kitu kingine badala ya dhamana, na kitu hicho ni aibu yako.

Ukijua huwezi kulipa tarehe mliyokubaliana, mpigie anayekudai kabla ya tarehe, si baada. Mpe tarehe mpya na kiasi, hata kama ni kidogo. Mimi huwa nadai kwa niaba ya kampuni kila siku, naijua hali ya upande wa pili wa simu: mteja anayepiga mwenyewe kuniambia "mama, Ijumaa siwezi, nitakupa nusu Jumanne" namwekea alama nzuri. Anayezima simu ndiye anayetumiwa wakili.

Na Januari. Mwezi dume. Ada kwa wenye watoto shule za binafsi, sare, madaftari, kodi ya nyumba ya miezi sita, na mshahara wa Desemba ulitoka mapema ukaishia sikukuu. Kila mwaka watu wanaipokea Januari kama wamevamiwa, wakati iko kwenye kalenda. Fungua kibubu Julai, gawa mahitaji ya Januari kwa sita, weka kila mwezi. Asiyejiamini na kibubu aingie mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, na amwombe kijumbe, yule anayekusanya, ampe zamu ya Desemba mwishoni. Wenzake watashangaa, maana kila mtu anagombea zamu ya kwanza.

Ukiwa ni mtu

Nitaeleza la bosi wangu kwa sababu ndilo ninaloulizwa sana. Ni mdogo kwangu kwa umri, mchapakazi, hana ubaya. Tatizo lake ni kwamba akili yake inafunguka saa nne usiku. Hapo ndipo anapotuma: "Mama Nasra, ile invoisi ya nondo tulishatuma?" Baada ya muda nikaona nikisikia tu mlio wa ujumbe usiku moyo unaruka, hata kama ni dada yangu anatuma picha ya mjukuu.

Nilichagua siku. Siyo tarehe 6, siyo tarehe 19, na siyo nikiwa nimekasirika. Tarehe 22, saa tatu asubuhi, VAT imeshatumwa, yeye ameshakunywa chai.

"Bosi, una dakika tano?"

"Kaa, Mama Nasra. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Nataka tukubaliane kuhusu ujumbe wa usiku."

"Lakini si huwa ni swali dogo tu?"

"Swali ni dogo, bosi. Ila nikilisoma saa nne usiku silali mpaka nimelijibu, na kulijibu lazima nifungue mafaili, na mafaili yako hapa."

Akacheka. "Sasa mimi nikikumbuka jambo usiku nifanyeje? Niliache nilisahau?"

"Hapana, andika, tuma. Ila tuelewane kwamba nitajibu saa moja asubuhi. Likiwa la dharura, piga. Nikiona umepiga nitajua ghala linaungua."

Tukaongeza jambo moja, na nadhani hili ndilo lililofanya kazi: kila siku saa kumi na robo tatu namtumia mistari mitatu. Yaliyokamilika leo, yaliyobaki, ninachohitaji kutoka kwake. Maswali ya usiku mengi yalikuwa yanatokana na yeye kutojua jambo limefikia wapi. Akishajua, analala. Kuna wiki anateleza na kutuma jumbe kumi za usiku; najibu saa moja asubuhi kwa adabu zote, "Shikamoo ya kazi bosi, jibu la jana ni hili." Sikumtajia sheria siku ile, lakini nilikuwa naijua: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku, na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika. Sheria iwe mfukoni wakati unazungumza kwa upole. Inakunyoosha mgongo hata usipoitoa.

Siyo kila bosi atacheka. Ukiwa na anayetukana, anayekukata mshahara kiholela au anayekufanyisha kazi za ziada bila malipo (malipo ya saa za ziada ni angalau mara moja na nusu ya kawaida), andika tarehe, saa, maneno, na nani alikuwepo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya wafanyakazi, ila ina ukomo: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Watu wanafika mwezi wa tano wakiwa na haki zao zote na muda umekwisha.

Kwa mfanyakazi mwenzako anayekuletea umbea au kazi zake, inatosha kusema, "Niandikie, nitaliangalia saa nane." Wengi hawaandiki.

Makundi ya WhatsApp nayaweka kwenye fungu hili la watu. La ofisi peke yake ndilo linalolia. La ukoo, la kikoba, la wazazi wa darasa la nne, la mtaa, la waliosoma pamoja, yote kimya, nayafungua saa saba mchana na saa mbili usiku. Ukichelewa kusema "poleni" kwa saa nne hakuna anayekufa tena.

Mlango wa nyumbani

Mwanamke wa kazini anaingia zamu ya pili anapovuka geti. Watoto wana hesabu, dada wa kazi ana malalamiko, mama mkwe anataka kujua dawa ya saa mbili iko wapi. Niliwaita wote nikawaambia: nikifika, nakaa barazani robo saa, miguu kwenye beseni la maji, na hakuna anayeniambia kitu isipokuwa kuna damu. Mwanzoni walisimama mlangoni wakinitazama. Wamezoea.

Na Baba Nasra tuligawana. Yeye ana maji, mambo yote ya shule na mafundi. Nikisema ana mambo ya shule, nina maana kikao cha wazazi anaenda yeye na mwalimu ana namba yake, siyo yangu. Kugawana kazi kisha ukabaki wewe ndiye wa kumkumbusha mwenzako si kugawana. Siku aliposahau kikao, kilipita bila mzazi. Nilikaa kimya. Kilichofuata alihudhuria.

Ikizidi

Yako mambo ambayo ushauri wa Mama Nasra hauyafiki. Usingizi umekukimbia zaidi ya wiki mbili, unalia bila sababu, chakula hakipiti au unakula bila kushiba, pombe imekuwa ndiyo njia ya kufika kesho, kifua kinabana, au mawazo ya kufa yanakujia. Hilo la mwisho usilale nalo hata usiku mmoja. Mwambie mtu aliye karibu na nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na kifua kikibana vilevile.

Tatizo letu ni kwamba ukitaja akili, mtu anasikia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma iliyopo tangu 1927, na anaona utani utakaomfuata mtaani. Kwa hiyo anakwenda duka la dawa kuomba za usingizi bila cheti, na baada ya miezi michache hawezi kulala bila hizo. Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa, mwambie daktari mambo ya mwili kama yalivyo: silali, moyo unakimbia, nimepungua. Apime presha, sukari na wingi wa damu. Nimeona mama aliyedhani kazi imemshinda kumbe damu ilikuwa ndogo kwa sababu ya hedhi nzito. Kama mwili uko sawa, omba mtaalamu wa afya ya akili. Hata Muhimbili wana idara hiyo, watu wanaingia na kutoka na kurudi kazini. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 2019 liliingiza ile hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na mambo yanayohusu afya, ikielezwa kama jambo linalotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni uvivu.

Likizo

Siku 28 kwa mwaka, ni zako kisheria. Naona watu wanazilimbikiza kama akiba ya benki halafu wanaanguka Oktoba. Mimi nazigawa mara mbili. Kipande kimoja nakwenda kwetu Pangani, na niseme ukweli, hicho si mapumziko. Mgeni kutoka Dar anasalimiwa huku mfuko unaangaliwa. Ninakwenda kwa sababu ni wazazi, na bajeti yake inatoka kwenye fungu, siyo kwenye ada.

Kipande cha pili nakaa Mbezi na simwambii mtu. Watoto wako shule, nyumba tupu, nalala hadi saa tatu, nashona, nakwenda sokoni saa ambayo hakuna foleni. Barua naiandika mwezi mmoja kabla, naomba kuanzia tarehe 21, VAT ikiwa imeshaingia, nirudi kabla ya kuandaa mishahara ya mwisho wa mwezi. Naambatanisha karatasi ya nani atafanya nini nisipokuwepo, na namba ya mtu wa kupigiwa. Namba hiyo siyo yangu.